Mzigo Usubiri
Wiki hii Kariakoo, muuza mabegi alinilalamikia kwamba mzigo wake umekwama Guangzhou: viwanda vimefungwa, Wachina wamekwenda kwao kula Mwaka Mpya. Pole yangu nilimpa, lakini moyoni nilifurahi. Aliyeshona mabegi hayo mwaka mzima sasa yuko kijijini. Usiku wa mkesha anakaa mezani na wazazi, samaki mzima katikati, watoto wakisubiri bahasha nyekundu zenye pesa. Tangu 2025 hata siku ya mkesha ni mapumziko kisheria. Kazi haiishi, wazazi huisha. Sisi tunamnyima mlinzi wa geti ruhusa ya Idi au Krismasi, eti nani atabaki? Hiyo ni dhuluma. Mpe nauli, aende kwao.