Madoa Katika Nyasi za Uani

Mgonjwa hapewi dawa kabla ya kuulizwa anaumwa wapi. Lakini nyasi za mbele ya nyumba zikipata doa la manjano, wengi wetu hukimbilia dukani, mmoja kununua mbolea, mwingine sumu ya wadudu. Fedha hutoka, na pengine doa huzidi kuwa kubwa. Yafaa kwanza kulichunguza doa lenyewe, maana kila sababu ina alama yake.

Kwanza tazama umbo. Doa la mviringo, kadiri ya sahani, lililoungua katikati na kuzungukwa na nyasi nzito za kijani kibichi, mara nyingi ni kazi ya mbwa. Mkojo wake una naitrojeni nyingi: katikati huunguza, na pembeni, ulikopungua nguvu, hustawisha. Basi atiaye mbolea ya chumvichumvi katika doa hilo anaongeza moto juu ya moto. Dawa yake ni maji. Mwaga ndoo nzima mara mbwa anapoondoka. Ikiwa nyasi zimekwisha kufa, zing'oe, lowesha udongo vizuri, kisha pandikiza vipande vingine.

Pili, shika nyasi zilizokauka uzivute. Zikiinuka kama mkeka, hazina mizizi. Fukua udongo inchi mbili au tatu, na huenda ukakuta mabuu weupe, wana wa mbawakawa, wenye vichwa vya hudhurungi, wamejikunja kama herufi C. Hao ndio walao mizizi. Ukiona mmoja au wawili, usihangaike. Ukikuta kumi katika futi moja ya mraba, waokote uwape kuku. Sumu iwe jambo la mwisho kabisa, kwa sababu hapo uani ndipo watoto wachezapo na kuku wadonoapo.

Tatu, chomeka msumari mrefu ardhini. Usipoingia, udongo umeshindiliwa kwa miguu, na maji hayafiki kwenye mizizi. Toboa matundu kwa jembe la meno, kisha tandaza samadi iliyooza. Lakini kama hapo ni njia ya watu kila siku, afadhali kuweka mawe ya kukanyagia kuliko kugombana na wapitao.

Nne, ikiwa uwanja mzima umefifia, isipokuwa palipoanguka kinyesi cha ng'ombe, hiyo ni njaa. Hapo ndipo mbolea ina kazi, nayo itiwe wakati wa mvua.

Tena, usikate nyasi fupi mno. Ondoa theluthi moja tu ya urefu wake kwa mara moja, na panga au mashine iwe kali, kwa kuwa makali butu huchana ncha zikawa kahawia. Ukimwagilia, mwagilia asubuhi, ili majani yasilale na unyevu ukaleta ukungu.

Nyasi za Kikuyu, zilizo nyingi katika nyua zetu za nchi za juu, ni wenyeji wa milima ya Afrika Mashariki, nazo zimepelekwa hata Australia na Afrika Kusini. Hutambaa juu ya ardhi na chini yake. Sababu ya doa ikiondolewa, zenyewe huliziba pengo bila gharama. Basi, ndugu msomaji, kabla ya kufungua mfuko wako, piga magoti uchunguze.