Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa TCRA: YouTube inayowekwa na fundi simu

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Mtanzania anayeletewa meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" leo ana pa kuipeleka: 15040. Akitaka kujua ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, anabonyeza *106#. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inastahili pongezi kwa kazi hiyo. Barua hii inaomba sauti hiyohiyo ifike kwenye meza ya fundi simu, kwa sababu hapo kuna hatari ambayo haiji kwa meseji wala kwa kupigiwa.

Mteja amekuja kubadilisha kioo. Kazi ikiisha, fundi anamuuliza kama angependa YouTube isiyo na matangazo. Faili la APK linarushwa kwa Xender, simu inatoa onyo kwamba programu hii haikutoka Play Store, fundi anabonyeza kuendelea. Linafuata dirisha la ruhusa, nalo linakubaliwa bila kusomwa. Muda mfupi baadaye video inacheza hata skrini ikiwa imezimwa, na mteja anaondoka ameridhika.

Ana sababu ya kuridhika, na ni vizuri Mamlaka ikaanzia hapo. Tangazo la video linakula bando lilelile alilolinunua kwa fedha yake. YouTube ya bure husimama skrini ikizimwa, kwa hiyo mama anayesikiliza mawaidha huku akipika lazima aache simu ikiwaka na chaji ikiisha. Kumwita mtu huyo mhalifu hakutamfundisha kitu.

Anachopaswa kuambiwa ni namna programu hizo zinavyotengenezwa. Kila programu ya Android hutiwa saini ya kidijitali na mtengenezaji wake, na simu huitumia saini hiyo kuhakikisha kwamba toleo jipya limetoka kwa mtu yuleyule. Anayeirekebisha huifungua, hubadilisha kilichomo, kisha huifunga upya kwa saini yake mwenyewe. Kuanzia hapo mtumiaji hana tena dhamana ya kampuni ya awali. Amemwamini mtu asiyemjua.

Si kila mrekebishaji ana nia mbaya. YouTube Vanced, iliyokuwa maarufu kuliko zote, ilifungwa Machi 2022 baada ya Google kuibana kisheria. ReVanced iliyoifuata huweka msimbo wake hadharani, na mtumiaji huirekebisha programu mwenyewe. Lakini yapo mafaili mengi yanayotembea kwa majina hayo, na anayerushiwa moja kibandani hawezi kujua limepita mikononi mwa nani. Hata nia njema haitoshi: mwishoni mwa 2025, mtengenezaji wa SmartTube, programu ya kutazama YouTube kwenye televisheni za Android, alikiri kwamba kompyuta yake iliingiliwa na ufunguo wake wa saini haukuwa salama tena.

Mfano wa kirusi cha Necro unatisha zaidi. Septemba 2024 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza kwamba kirusi hicho kilikutwa ndani ya Spotify iliyorekebishwa. Kiliweza kufungua matangazo kwenye madirisha yasiyoonekana na kumwandikisha mtumiaji kwenye huduma za kulipia bila yeye kujua. Haki itendeke: kirusi hichohicho kilipatikana pia Play Store, ndani ya programu ya kamera ya Wuta. Tofauti ni kwamba Google iliarifiwa na msimbo huo ukaondolewa. Faili lililorushwa kwa Xender halina wa kuliondoa.

Na simu hiyo ndiyo yenye M-Pesa, Airtel Money, Mixx by Yas na HaloPesa. Programu ya kutazama video haina haja yoyote ya kusoma meseji, ambako ndiko namba za uthibitisho za benki huingia. Ikiomba ruhusa hiyo, ifutwe palepale. Sentensi hizo mbili zingetosha kuwa tangazo la redio.

Wasanii nao wana hoja yao. YouTube humpa mwenye chaneli asilimia 55 ya mapato ya matangazo yanayoonekana kwenye video zake ndefu. Tangazo likizibwa, mchekeshaji chipukizi wa Mbeya hapati kitu kwa mtazamo huo.

Google imetangaza kwamba kuanzia Septemba 2026 programu zitakazowekwa kwenye simu za Android zenye idhini yake zitapaswa kutoka kwa watengenezaji waliothibitishwa, ikianza na Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, kisha nchi nyingine kuanzia 2027. Kusubiri siku hiyo ni kuwaacha watu bila ulinzi hadi wakati huo.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka inaombwa mambo mawili. La kwanza ni kukaa na mafundi simu wenyewe, ambao wateja wanawaamini kuliko bango lolote, na kuwaeleza wanachokiingiza kwenye simu za watu. La pili ni kuyaita makampuni ya simu mezani kuzungumzia bando la video ambalo mtu wa kipato cha chini analimudu. Hili la pili ni gumu zaidi, na ndilo lianze.