Picha za Wazee Si Mali ya Mwenye Skana

Ndugu zangu wa Katangi, nawaandikia hasa ninyi vijana wenye studio na saiba pale sokoni. Mtu akiskani picha ya zamani, kisha akaugonga muhuri wa "haki zote zimehifadhiwa" juu ya uso wa mzee wa watu, msibabaike.

Tuchukue mfano wa nyumbani. Gerhard Lindblom, msomi wa Uswidi, alikaa Ukambani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Kitabu chake kikubwa juu ya Wakamba kilitoka kikiwa kamili mwaka 1920, na picha zimo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda picha kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipopigwa au kutolewa kwa umma, ukihesabu ule wa baadaye. Hesabuni wenyewe: picha zile zilikuwa huru mwaka 1970 ulipokwisha. Maandishi yalingoja zaidi, maana hayo hulindwa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, naye alifariki 1969.

Mwenye skana atalalamika: mbona nimenunua mashine, nimekesha nikifuta madoa? Jasho lake silidharau; alipwe. Mwenye punda hututoza kwa kutuletea maji, wala hadai mto. Sheria yetu yataka juhudi iliyoipa kazi sura yake yenyewe, na juhudi ya kunakili haizai sura mpya. Kadiri anavyojisifu kwamba nakala yake ni sawasawa na ya asili, ndivyo anavyolibomoa dai lake kwa kinywa chake! Mahakama moja ya New York ilikwisha kuamua hivyo mwaka 1999, kampuni ya Bridgeman iliposhindwa na kampuni ya Corel kuhusu picha za michoro ya kale. Na Umoja wa Ulaya ukaliweka jambo hilo katika agizo lake la 2019.

Lakini msiyageuze maneno haya kuwa kibali cha kupora. Mtu akipiga picha ya kinyago cha Wamunyu, akachagua pembe na mwanga, hiyo ni kazi yake, hata kinyago kiwe cha kale namna gani. Na picha za harusi ya juzi zina mwenyewe.

Basi mteja akileta picha ya babu yake, mtoze gharama ya nakala na umpe faili safi, bila muhuri. Nanyi walimu, zibandikeni picha za Lindblom madarasani. Atakayewaletea ankara, mwulizeni kwanza ameongeza nini.