Taa nyekundu ya oili: injini ikinoki, nani analipa?

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa, na siku hiyo simu ya studio haipumziki. Abiria anauliza kama nauli ya Njombe kwenda Makambako itapanda, mkulima wa viazi anauliza kuhusu Canter itakayobeba mzigo wake. Hilo tumelizungumza sana. Leo tuangalie kitu ambacho hakina bei kikomo wala siku ya kutangazwa, lakini kikikosekana dakika chache tu gari linageuka chuma chakavu: oili ya injini, na pampu inayoisukuma.

Pampu yenyewe ni kifaa kidogo. Hunyonya oili kutoka kwenye sampo kupitia chujio la waya, huipitisha kwenye filta, kisha huisukuma kwenye metali za krenki na kuipandisha hadi juu ya injini. Vyuma vile vinavyozunguka havitakiwi kugusana. Kati yake kuna utando mwembamba wa oili. Presha ikishuka utando unakatika, chuma kinasaga chuma, na fundi anakutamkia neno ambalo hakuna mwenye gari anapenda kulisikia: imenoki.

Hapa ndipo ile taa nyekundu yenye alama kama birika inapoeleweka vibaya. Wengi wanadhani inasema oili imepungua. Taa inasema presha imeshuka, basi. Oili inaweza kuwa imejaa na taa ikawaka, kwa sababu chujio limeziba au pampu imechoka. Na oili inaweza kuwa chini sana huku taa imezima, mpaka gari liinamie kwenye kona au mlima ndipo iwake. Kwa hiyo taa haichukui nafasi ya kijiti cha kupimia asubuhi.

Sasa, kwa nini dereva anaiona taa na bado anaendelea? Si ujinga. Jioni anatakiwa kupeleka hesabu kwa tajiri. Akisimama njiani, hesabu haitimii, na kesho gari anaweza kupewa mwingine. Deiwaka ndiye kabisa: gari si lake, na kesho huenda asiliendeshe. Tajiri naye anabana upande wake, anaongezea oili badala ya kuimwaga. Fundi wa gereji bubu anaambiwa afanye tu gari litembee. Kila mmoja ameokoa pesa kidogo ya leo, na bili inakuja siku ya kushusha injini.

Bili hiyo haiishii kwa tajiri. Majani mabichi ya chai ya Lupembe yanatakiwa kufika kiwandani siku ileile yaliyochumwa. Gari likifia kilimani, mkulima ndiye wa kwanza kupata hasara, na hakuwa hata kwenye mazungumzo ya oili. Sisi tunaona makubaliano ya tajiri na dereva yaseme wazi mambo mawili: oili haitoki kwenye hesabu ya dereva, na siku aliyozima gari kwa sababu ya taa nyekundu haidaiwi hesabu. Siku moja bila hesabu ni nafuu kuliko injini ya mtumba.

Taa ikiwaka mkiwa njiani, zima injini mahali salama. Subiri kidogo, kisha pima kijiti. Kama oili iko sawa na taa bado inawaka, gari livutwe.

Gereji nako kuna mtego wake. Pampu nyingi hubadilishwa bila kuwa na kosa. Fundi makini huanza na kipimo cha oili, kisha hutoa sensa na kufunga geji ya presha mahali pake. Kila injini ina presha yake inayotakiwa. Geji ikionyesha presha nzuri, mbovu ni sensa, spea ndogo tu. Ikionyesha presha ndogo, sampo ifunguliwe na chujio litazamwe kabla ya kununua pampu. Metali zikiwa zimelika, pampu mpya haitasaidia sana, maana oili inavuja kwenye nafasi zilizopanuka. Fundi aliyejifunza mtaani akiyajua haya, VETA wana utaratibu wa kumpima na kumpa cheti. Tajiri ana haki ya kukiulizia.

Kuna oili yenyewe pia. Baridi ya huku kwetu Juni na Julai si ya kusimulia, wenye viazi mnaijua sakitu. Oili nzito hupanda taratibu sana asubuhi kama hiyo, na dereva anayekanyaga moto papo hapo anazungusha vyuma vikavu. Kwenye galoni iliyoandikwa 5W-30, namba ya kwanza inahusu baridi na ya pili inahusu injini ikiwa moto. Kuweka oili nzito ili kelele zinyamaze ni kuficha ugonjwa. Vitabu vya magari mengi ya mtumba viko kwa Kijapani, lakini angalia kifuniko cha kujazia oili. Baadhi vimeandikwa namba inayofaa. Galoni likiisha, litoboe kabla ya kulitupa, lisije likajazwa oili chafu iliyochujwa na kurudi dukani.

Mkifikia kufunga pampu mpya, simama hapo hapo. Sampo ioshwe, filta iwe mpya, na pampu imiminiwe oili safi kwanza ili isianze kavu. Silikoni ipakwe kidogo. Ile inayobinuka kwa ndani hukatika na kwenda kuziba chujio, na tatizo linarudi upya. Kisha injini izungushwe kwa stata bila kuwaka, kwa vipindi vifupi, hadi taa izime. Safari ya kwanza iwe fupi na bila mzigo. Mkirudi, acheni injini ipoe, pimeni kijiti tena, na mwenye gari ainame mwenyewe uvunguni kutazama kama kuna tone.