MWOKOAJI AKAE MWALONI

Wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Ni kweli, lakini muda wa kutapatapa ni dakika chache tu, wala dakika hizo hazimngoji mwokoaji aliye mbali. Jambo hili twawaomba ndugu wasomaji walipime kwa misiba mitatu ya Ziwa Viktoria.

Alfajiri ya tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza, ikaangamiza mamia ya watu. Tumbo lake lilielea kwa nguvu ya hewa iliyosalia ndani. Lilipotobolewa ili watu watolewe, hewa ikatoka na meli ikazama. Wazamiaji walikuja hata kutoka Afrika ya Kusini, lakini kazi iliyowangoja ilikuwa kuopoa maiti.

Tarehe 20 Septemba, 2018, kivuko cha MV Nyerere, kilichoruhusiwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara kikiwa na watu zaidi ya 250. Usiku ulipoingia, kazi ya kuokoa ilisimamishwa. Watu zaidi ya 220 walikufa. Siku ya tatu fundi mmoja alikutwa hai ndani ya kivuko.

Tarehe 6 Novemba, 2022, ndege yenye watu 43 ilitumbukia ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Walionusurika ni 24. Waliowafikia kwanza walikuwa wavuvi, kwa mitumbwi yao.

Fundisho ni wazi: mwokoaji wa kwanza ni yule aliye karibu. Basi, ziwa lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800 haliwezi kulindwa kutoka miji michache tu. Yafaa kila mwalo wenye watu wengi uwe na boti iliyo tayari, mafuta yake yasiyoguswa kwa kazi nyingine, kamba, maboya, taa za usiku na simu. Wavuvi nao wafundishwe kumwokoa mtu na kumrudishia pumzi. Tusiwasifu siku ya msiba, kisha tukawasahau kesho yake.

Hata hivyo, boti peke yake haitoshi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa umri huo huzama kimya, pengine kisimani au dimbwini nyuma ya nyumba. Kinga yake ni kifuniko cha kisima, ua imara na jicho la mtu mzima. Na shuleni, watoto wakubwa wafundishwe kuogelea kama wafundishwavyo kusoma.

Wenye mamlaka na wapime kazi yao kwa dakika za kumfikia mtu anayezama, si kwa idadi ya boti zilizofungwa bandarini. Boti inayofika kesho yake imekuja mazikoni.