Tuipime Pumzi ya Bahari Yetu

Mvunaji chumvi wa Pemba analijua jambo ambalo wengi wetu hatulitafakari. Huyaingiza maji ya bahari shambani, jua likayachoma, upepo ukayapepea, mvuke ukaenda zake, na chumvi ikabaki. Jambo hilohilo hutendeka usiku na mchana juu ya Bahari ya Hindi nzima, na mvuke unaopaa huko una sehemu kubwa katika kutuletea masika na vuli.

Bahari haitoi tu, bali pia hupokea. Takriban robo ya hewa ya ukaa itokanayo na viwanda, magari na ukataji wa misitu humezwa na bahari za dunia. Wema huo una gharama yake, kwani maji huzidi kuwa na asidi, na matumbawe, ambayo ndiyo makazi ya samaki wetu, hupata taabu kujijenga.

Hata hivyo, bahari si moja. Wakati wa kusi, maji ya chini hupanda juu katika pwani ya Somalia na kuitoa hewani hewa ya ukaa iliyokuwa kilindini. Kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa Atlantiki hakiwezi kutujibia maswali ya mkondo wa Pemba.

Namna ya kupima inajulikana. Mlingoti husimamishwa ufukweni au melini, ukiwa na chombo kinachopima upepo upandao na ushukao mara kumi au zaidi kila sekunde, pamoja na kingine kinachopima mvuke na hewa ya ukaa. Upepo upandao ukibeba mvuke mwingi kuliko ule ushukao, ni dhahiri kwamba bahari inatoa. Mbali na pwani, maboya yaliyotiwa nanga hupima joto la maji, upepo na unyevu wa hewa, na kutokana na hayo wataalamu hukokotoa mvuke uliopaa.

Wako watakaosema kwamba kazi hii tuwaachie mataifa tajiri na satelaiti zao. Gazeti hili halikubaliani nao. Satelaiti huutazama uso wa bahari kutoka mbali, na hesabu zake hazina budi kusahihishwa kwa vipimo vya baharini kwenyewe. Tena tumekwisha kuonywa. Mwishoni mwa mwaka 2019 maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto kuliko kawaida, huku yale ya upande wa Indonesia yakipoa. Mvua kubwa zikanyesha, na mafuriko yakaua watu na kuharibu mali Afrika Mashariki. Onyo la namna hiyo husomwa kwanza baharini.

Maboya ya mpango wa kimataifa uitwao RAMA yalianza kutandazwa katika Bahari ya Hindi mwaka 2004. Upande wetu wa magharibi ulichelewa kwa sababu ya maharamia, na kwingineko maboya yameharibiwa na vyombo vya uvuvi, kwa kuwa samaki hupenda kukusanyika chini yake. Boya likikatwa, mlolongo wa vipimo hukatika nalo, na siku iliyopita bila kupimwa hairudi.

Twaiomba Serikali itende mambo mawili. Kwanza, upimaji huu uwe na fungu lake la kudumu katika bajeti, badala ya kungojea mradi wa wafadhili ambao ukiisha, vyombo huachwa vikashika kutu. Taasisi ya Sayansi za Bahari ipo Unguja tangu miaka ya 1970, na wataalamu tunao. Pili, matokeo yatangazwe kwa Kiswahili chepesi, yamfikie mvuvi, mkulima wa mwani na mkulima wa mpunga.

Nasi wananchi wa visiwani tuna wajibu wetu. Tukilikuta boya baharini, tusilifunge chombo wala tusilikate kamba. Lile si mali ya mgeni, ni mlinzi wa mvua yetu.