Hodi Haibishwi Sebuleni

"Si ufute tu?" Ndilo jibu analopewa kila anayelalamikia matangazo ya biashara yanayomiminika kwenye barua pepe yake bila kuyaomba. Futa, au shuka hadi chini kabisa, kwenye vile viherufi vya kijivu, ubonyeze palipoandikwa "jiondoe". Dakika haifiki, kelele za nini? Waliosoma kidogo huongeza la kisheria: sheria yenye mizani ni ile inayomwacha mfanyabiashara atume, kisha ikampa mpokeaji haki ya kukataa. Kila mtu kapata chake.

Mimi nakataa. Hiyo si mizani. Ni kumkalisha mgeni sebuleni kwanza, halafu kumwambia mwenye nyumba kwamba anayo haki ya kumtoa.

Kwetu mtu hubisha hodi. Akibisha mara tatu asisikie "karibu", hugeuka akaenda zake. Mwenye nyumba hatakiwi kutoka nje kujieleza, wala haonekani mkorofi. Kimya chake ni jibu. Watetezi wa "jiondoe" wameipindua adabu hii: kimya cha mpokeaji wanakihesabu kuwa ni "karibu".

Watasema barua yenyewe ndiyo hodi. Hoja hiyo ina uzito, basi tuipime. Anayebisha hodi kwa miguu anagharamia: jua ni lake, jasho ni lake, na viatu vinavyoisha ni vyake. Ndiyo maana hawezi kupita milango milioni kabla ya adhuhuri. Wa barua pepe anaweza. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, wa Berkeley na San Diego, walifuatilia mtandao wa kompyuta zilizotekwa ili zitume matangazo ya dawa. Barua zilizotumwa zilikaribia milioni 350. Mauzo yaliyopatikana: 28. Mchuuzi wa miguu mwenye bahati kama hiyo angekufa njaa. Huyu wa mtandaoni anaendelea kwa sababu gharama ya wale mamilioni waliokataa si yake. Bando ni la kwako, nafasi kwenye seva ni ya anayekuhifadhia barua, na muda ni wako.

Na huo muda tunaoambiwa haufiki dakika, hebu tuuhesabu. Kufuta barua moja kuchukue sekunde 3. Watu milioni moja wakifuta, zimekwenda saa zaidi ya 830, yaani siku 34 za usiku na mchana. Zote zimechukuliwa na mtu mmoja aliyebonyeza kitufe mara moja. Akichukua shilingi moja moja kwenye mifuko ya watu milioni tutamwita mwizi. Akichukua sekunde tatu tatu tunaambiwa ni biashara.

Kwamba "jiondoe" haitoshi si ubishi wa kijiweni. Marekani walishaijaribu. Septemba 2003 jimbo la California lilipitisha sheria iliyokataza matangazo ya barua pepe bila ridhaa ya mpokeaji, na ikampa mpokeaji nguvu ya kumshtaki mtumaji na kudai hadi dola 1,000 kwa kila barua. Ilikuwa ianze Januari 1, 2004. Katazo hilo halikuiona siku hiyo. Desemba 16, 2003 Rais George W. Bush alitia saini sheria ya nchi nzima iitwayo CAN-SPAM, ikaanza kutumika Januari 1 ile ile na kulifunika katazo la California. Sheria hiyo inasema: tuma, mradi usidanganye kwenye kichwa cha barua, uweke anwani yako ya posta, na uache njia ya kujiondoa. Ukiombwa uache, unazo siku 10 za kazi. Raia wa kawaida akikerwa hana ruhusa ya kukushtaki kwa sheria hiyo. Asubiri serikali au kampuni inayomhudumia mtandaoni. Wakosoaji walilisoma jina lake kama ruhusa, maana kwa Kiingereza linasomeka hivyo hasa: unaweza kutuma taka.

Januari hiyo hiyo, huko Davos, Bill Gates alitabiri kwamba ndani ya miaka miwili tatizo la barua taka litakuwa limekwisha. Miaka miwili ilipita, ikafuatiwa na mingine mingi.

Tena kitufe chenyewe cha "jiondoe" kina mtego. Kampuni ya kweli itakuondoa. Tapeli atafurahi, kwani kwa kubonyeza umemjulisha kwamba anwani yako iko hai na ina mtu. Juni 2004 Tume ya Biashara ya Marekani ililiambia Bunge kwamba hata daftari la kitaifa la wasiotaka matangazo lisingefaa, kwa kuwa wahalifu wangeligeuza kuwa orodha ya anwani za kulengwa.

Sasa niwageukie wenzangu wenye hasira, maana nasi tuna kosa letu. Hasira hutunga sheria pana mno. Jimbo la Virginia lilipiga marufuku barua za wingi zilizofichwa asili yake, bila kutenga za biashara na zisizo za biashara. Mtu mmoja alihukumiwa kifungo cha miaka tisa. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliibatilisha sheria yenyewe, kwa sababu ingemkamata pia raia anayesambaza maoni ya siasa au dini bila kujitaja. Hukumu ikafutika. Wavu uliotupwa kwa ajili ya papa ulinasa kila kitu, mwisho ukachanika na papa akatoka.

Mizani ya kweli, basi, haipatikani kwa kusimama katikati ya mtumaji na mpokeaji. Sheria iwe nyembamba kwa inachokigusa: biashara tu, si mwananchi anayemwandikia mbunge wake. Imwachie fundi wa batiki amwandikie mteja aliyekwisha kununua kwake, kuhusu bidhaa zinazofanana na ile aliyonunua. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2002 lilishaweka nafasi hiyo, na mteja anabaki na haki ya kukataa. Nje ya hapo, ridhaa kwanza.

Sisi kwa maandishi tumewapita Wamarekani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya 2015 inataka ridhaa ya mlaji, mtumaji ajitambulishe, na njia ya kukataa iwepo. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya wazi kabla taarifa za mtu hazijatumiwa kibiashara. Hodi imeandikwa. Inayoiua ni ile kauli ya "si ufute tu", inayomfanya aliyeingiliwa aone aibu kulalamika na aliyeingia asiulizwe kitu.

Aulizwe. Mpokeaji asidaiwe ushahidi kwamba alikataa. Mtumaji, pamoja na mwenye bidhaa aliyemlipa, ndiye aonyeshe nani alimkaribisha, lini, na kwa maneno gani. Asiye na jibu alipe faini kwa kila mlango aliouingia.